Tano ya Kosmas

Devota mwanangu,

Mama yako ameshasema ya sweta, ya baridi ya Arusha, na ya kutokula vilivyokaangwa na mafuta ya juzi. Ameyasema mara tatu na asubuhi atayarudia, kwa hiyo hapo sina la kuongeza. Nimekaa mezani tangu tulipomaliza kula. Begi lako liko karibu na mlango, na kila nikiliangalia najiambia, mzee, andika. Ukiisoma barua hii nitakuwa nimeshatoka nyumbani. Sababu nimeiweka mwishoni, usiirukie.

Ni habari ya Kosmas.

Tangu ukiwa mdogo umesikia kwamba baba yako alikuwa na rafiki, wakikata majani pamoja kwenye uwanja wa gofu, na kwamba siku ya mashindano rafiki huyo alipunguza mkwaju mmoja, yaani pigo moja la mpira, kwenye kadi yake ya hesabu, na baba yako, ingawa alimpenda, akasimama mbele ya kamati akasema kweli. Hadithi hiyo sikuianzisha mimi. Waliianzisha watu wa klabu, ikanifuata mpaka nyumbani, nami nikaikaribisha na kuipa kiti. Wewe umekua nayo. Ulipoomba nafasi ya kwenda kusomea uamuzi wa gofu uliiandika kwenye barua yako ya maombi, ukurasa mzima, ukaniletea niisome. "Baba, nimekuweka humo," ulisema. Nikasoma yote. Nikakurudishia, nikakuambia ni nzuri, ila sentensi ya pili ni ndefu. Ndivyo nilivyosema, Devota. Nilizungumzia sentensi.

Wakakuchagua, na wakakuambia kwamba barua yako iliwagusa. Kesho unasafiri na hadithi ile mgongoni, na hadithi ile si ya kweli.

Ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita, wewe una miezi saba. Mimi na Kosmas tulikuwa watunza uwanja. Tulikata nyasi, tulimwagilia, tuliziba mashimo ya fuko. Yeye alitoka Kinole, na mimi, ingawa nimezaliwa hapa mjini, mama yangu ni wa hukohuko mlimani, kwa hiyo tulielewana upesi. Jumatatu uwanja ulipofungwa tuliruhusiwa kucheza, watu wawili kwa fimbo saba, tukipokezana. Kosmas alicheza kama alivyolima, polepole, bila kelele, mstari umenyooka. Mimi nilikuwa na nguvu na hasira. Handikapu yake ilikuwa kumi na moja, yangu nane, yaani mwisho wa raundi yeye anaondolewa mikwaju kumi na moja, mimi minane, halafu ndipo tunalinganishwa.

Ulipokuwa mdogo jambo hilo ulilikataa kabisa. Ulisema mtu akipunguziwa huo ni wizi. Nikakuambia ni kama wewe na mama mnavyokwenda bombani, yeye na ndoo kubwa, wewe na kidumu chako, na mkifika nyumbani wote mmechoka sawasawa. Ukafikiri kidogo, ukasema, "Basi mimi nataka handikapu kubwa na kidumu kidogo." Nilicheka siku nzima. Nakumbuka pia kwamba nilipokuwa nacheka nilimfikiria Kosmas, kicheko kikakatika, na wewe ukadhani umekosea.

Mwaka ule klabu ilitangaza kwamba mfanyakazi atakayeshinda mashindano ya wafanyakazi atapelekwa Dar es Salaam kusomea ualimu wa gofu, na akirudi ana kazi ya kudumu ya kufundisha. Mtu mmoja tu. Sisi tulikuwa tunakaa chumba kimoja kinachovuja, nawe ulikuwa na kikohozi kisichokwisha. Siyasemi haya ili kujitetea. Hapana, kidogo najitetea. Acha yabaki.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuhesabu mikwaju, ambamo unashindana na kila aliyeingia. Ungekuwa wa shimo kwa shimo, tungemalizana wawili palepale na kusingekuwa na kadi ya kumuangusha mtu. Ungekuwa wa pointi, shimo baya ni sifuri, unaokota mpira na kwenda mbele. Lakini mchezo wa kuhesabu mikwaju hausahau kitu, na desturi yake unaijua vizuri kuliko mimi: hujiandikii mwenyewe. Mimi nilishika kadi ya Kosmas, yeye akashika yangu, kila mmoja mwandishi wa mwenzake.

Tukafika shimo la saba, lile la mikwaju minne lenye kijito kinachoshuka kutoka mlimani. Mkwaju wa pili wa Kosmas uliutia mpira kwenye majani marefu kando ya maji. Mvua ilikuwa imeanza, na mimi nilikuwa ng'ambo, nimeinamisha mwavuli. Nilimwona amepiga, mpira ukatoka majanini ukatua karibu na bendera, akausukuma mara moja ukaingia. Nikahesabu minne, nikaandika nne. Alipovuka kuja kwangu akasema, "Tano, Melki. Kule majanini nilipiga hewa kwanza."

"Mbona sikuona," nikasema.

"Mimi niliona."

Unajua kwamba fimbo ikipita bila kuugusa mpira, maadamu ulikusudia kuupiga, nao ni mkwaju. Nikamwambia sawa. Kadi ilikuwa inalowa, nikaitia mfukoni ili nirekebishe tukifika mahali pakavu. Shimo la nane nikauharibu mkwaju wangu wa kwanza, nikaanza kuhangaika na mambo yangu, ile tano nikaisahau. Mpaka hapo sikuwa na kosa, nilikuwa nimesahau tu.

Tulipomaliza tulikaa meza moja kwenye baraza ya klabu, juu ya ngazi. Nikaitoa kadi yake, nikaipitia shimo moja moja kabla ya kutia saini, nikaiona ile nne. Nilikumbuka hapohapo, maneno yake na sauti yake. Kalamu ilikuwa mkononi. Kurekebisha ni kukata na kuandika pembeni, kazi ya kupepesa jicho. Nikaitazama kadi yangu, ambayo yeye aliiandika kwa mwandiko wake wa shule ya misheni, kila namba imekaa mahali pake. Nikafanya hesabu kichwani. Halafu nikatia saini yangu kwenye kadi yenye nne, nikamsogezea.

Kosmas alikuwa anakamua maji kwenye kofia. Nikamwambia, "Soma kwanza." Kweli nilimwambia hivyo, na neno hilo nimelikumbatia miaka yote hii. Akacheka. "Umeandika wewe, nisome nini tena?" Akasaini.

Sasa wewe ni mtu wa sheria, unaona tulipofika. Kujumlisha ni kazi ya kamati, lakini namba ya kila shimo ni ya mchezaji. Akisaini kubwa kuliko aliyopiga, anabaki nayo, amejipunja. Akisaini ndogo, anatolewa kwenye mashindano. Kadi ikishapokelewa haibadilishwi tena. Na matokeo yakishatangazwa, mtu aliyekosea bila kujua hatolewi. Kati ya kupokelewa na kutangazwa kuna muda mfupi, labda wa kunywa chai. Mimi niliungoja muda huo, nikanywa na chai yenyewe.

Waliandika kwa chaki ubaoni. Kosmas themanini na moja, toa kumi na moja, sabini. Mimi themanini, toa nane, sabini na mbili. Wenzetu walikuwa wameshaanza kumpigapiga mgongoni. Mwenyekiti akasimama ili atangaze, nami nikanyoosha mkono. "Samahani, mwenyekiti. Shimo la saba Kosmas alipiga tano." Nilisema kwa sauti ya mtu anayeumia. Niliitengeneza sauti ile.

Mwenyekiti akageuka. "Kosmas, la saba ulipiga ngapi?"

"Tano," akajibu, bila hata kusita.

"Hapa umesaini nne."

Wakampa kadi. Akaiangalia, halafu akaniangalia mimi, halafu akairudisha. "Nimesaini," akasema.

Na hata kwa tano, Devota, alikuwa amenishinda. Themanini na mbili, toa kumi na moja, ni sabini na moja. Mtu aliyejitangazia hewa ambayo hakuna jicho lililoiona ndiye aliyeshuka ngazi zile na jina la mwizi wa mkwaju. Mimi nilibaki juu, wazee wananishika mkono na kuniita kijana mkweli.

Jumatatu alikuja kazini kama kawaida. Akamaliza kipande chake cha nyasi, akaisafisha mashine, akaikabidhi. Kabla hajaondoka akasimama mbele yangu nikadhani atanipiga. Nilitaka anipige. Akauliza, "Mtoto anaendeleaje na kikohozi?" Nikamwambia anaendelea vizuri. Akasema ashukuriwe Mungu, akaenda zake Kinole kulima mdalasini na ndizi. Hadi leo sijui kama aliuliza kwa wema wake tu au alikuwa ananiambia kwamba anajua. Nimeligeuza swali lile huku na huku, na kwa kila upande linanichoma.

Mimi nikaenda Dar es Salaam, nikarudi mwalimu. Tukahama chumba kile. Ukapona, ukakua, nikakukatia fimbo fupi nikakufundisha kuishika. Chochote ulichokipata kwangu kilipita kwenye ile nne.

Mwaka juzi alipofariki nilikwenda kuzika. Wewe ulikuwa na mitihani, ukaniambia, "Baba, una moyo, kwenda kumzika mtu aliyetaka kukudhulumu." Nikafunga kamba za viatu nikatoka. Kule mlimani unajua mambo ya watani msibani. Mtani wa ukoo wao alikuwa mzee mmoja mfupi. Alivaa kofia ya marehemu nyuma mbele, akachukua mpini wa jembe, akaweka bonge la udongo chini, akaanza kucheza gofu kando ya kaburi. Anapiga na kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Anapiga tena, nne. Anapiga tena, nne. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mjane wake, mama Tekla, naye alicheka, maana mtani hakasirikiwi. Alicheka huku anajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Halafu yule mzee akanigeukia akaninyooshea mpini. "Haya, mwandishi wake si huyu hapa. Tuambie, bwana, ngapi?"

Wote walinitazama, na mama Tekla akanitazama. Kaburi lilikuwa bado wazi. Katika utani kila neno linapokelewa, ningeweza kusema lolote. Ningesema tano ni yake, nne ni yangu, na kila mtu pale angeelewa. Nilicheka, Devota. Nilicheka pamoja nao, nikasogea nyuma.

Tangu siku hiyo shimo la saba sina amani nalo. Asubuhi nikienda kufungua maji, kazi ambayo sikuiacha hata baada ya kuwa mwalimu, ukungu ukiwa bado umeshuka kutoka mlimani, namsikia. Hanitishi wala halalamiki. Ni sauti ya mtu anayetoa taarifa kwa mwandishi wake: Tano, Melki. Ninasimama nikiwa na mpira wa maji mkononi, ninamjibu sawa, kama nilivyomjibu siku ile. Yale majani ya kando ya kijito niliyafyeka kwa mkono, nikachimba na mizizi. Yakaota. Nikafyeka tena. Wenzangu wanasema mzee anapenda usafi. Na tangu nimetoka kumzika sijawahi kulimaliza shimo lile chini ya mikwaju mitano, hata siku mpira ukikaa vizuri kabisa. Wewe mwenyewe uliniuliza, "Baba, la saba limekuroga?" Ukacheka, na mimi nikacheka. Naogopa, mwanangu. Nina umri huu, nafundisha watoto wa watu kusimama wima na kutulia, na kuna mahali uwanjani napita nimeinamisha kichwa.

Mwezi huu ulipokuwa unajisomea nilikushikia kitabu cha sheria nikikuuliza maswali. Ulijibu upesi kiasi kwamba nilishindwa kufungua kurasa. Nikakuuliza jinsi handikapu inavyotafutwa, ukasema wanachukua raundi nane zilizo bora kati ya ishirini za mwisho. Nikakuambia hiyo ni sheria ya huruma, kumhesabu mtu kwa siku zake nzuri. Ukasema si huruma, inampima mtu anachoweza. Nikaendelea kupekua kitabu, huku nawaza juu ya siku moja tu.

Kisha nikakuuliza, mashindano yakishafungwa, mtu anaweza kutolewa? Ukasema hapana. Halafu ukainua kidole, kama unavyofanya tangu darasa la tatu. "Isipokuwa kama alijua, baba. Kama alijua kabla hayajafungwa, hakuna muda. Hata ipite miaka ishirini." Nikasema, na mwandishi aliyesaini namba anayojua si ya kweli? Ukasema, "Naye ni vilevile." Ukaniangalia ukisubiri swali lingine. Nikafunga kitabu nikasema tukale.

Kwa hiyo hukumu umeshanipa, ingawa hukujua unamhukumu nani.

Sikuandikii ili uwe mtu wa kusema kweli. Kweli mimi niliisema, tena mbele ya watu, na kila neno lilikuwa sahihi. Niliichelewesha tu mpaka ikawa na makali. Kazi unayokwenda kujifunza itakuletea watu wa namna yangu, wenye sauti ya upole na mkono juu, na sheria itakuwa upande wao. Sijui nikuambie ufanye nini na mtu kama huyo. Labda umuulize alianza kujua lini. Mimi hakuna aliyeniuliza, na nadhani ningedanganya, lakini angalau ningekuwa nimelazimika kuisema kwa mdomo.

Kuhusu nafasi yako, sitakuamulia. Ukitaka kuwaambia waliokuchagua, waambie, utaje na jina langu. Ukiona si kosa lako na ukakaa kimya, sitakulaumu, maana handikapu yako umeipata kwa mikono yako, na sheria umezisoma kwa macho yako mwenyewe. Ila hadithi ile usiisimulie tena kama ulivyoiandika. Na ukinikasirikia, kasirika. Nimekaa nikiogopa sura yako ya siku hii kuliko ninavyoiogopa sauti ya kule kijitoni, na ndiyo maana nimekuandikia badala ya kukukalisha hapa tukatazamana. Hata kwenye kusema nimekuwa mwoga. Nakupenda kuliko unavyojua, na nilikupenda hata siku ile nilipomfanyia mwenzangu hivyo. Usidhani nakutwika. Kalamu niliishika mimi.

Sasa sababu ya kutoka mapema. Klabu nitawaona Jumatatu, waamue wenyewe juu ya jina langu kule kwenye ubao wa washindi. Lakini anayestahili kusikia kwanza ni mama Tekla. Ameishi miaka kumi na tisa akiitwa mke wa mwizi, na amezika mume akiwa anachekeshwa kwa wizi huo. Sijui atanifanya nini. Anaweza kunifukuza, na watoto wake ni wanaume wazima.

Nimeshawahi kwenda, Devota. Mara mbili. Mara zote mbili nilishuka njiani, nikanunua ndizi, nikarudi. Mama yako alizisifu.

Gari la kwanza la Kinole linaondoka alfajiri, kabla hamjatoka kwenda stendi ya Msamvu. Najua unataka nikubebee begi, nikutafutie kiti cha dirishani, nisimame pale mpaka basi lipotee. Mimi pia nataka hivyo, nataka sana. Lakini najijua. Nikikusindikiza kwanza, nitarudi nyumbani nimechoka, nitasema gari la Kinole limeshaondoka, nitakwenda kesho. Na kesho wewe hutakuwepo, na katika nyumba hii hakuna mwingine anayejua.

Ukifika Arusha nipigie simu. Kabla hujanisalimu, niulize kama nimefika kwa mama Tekla.

Baba yako,
Melkiori